Dakabazini kwa Melanoma Iliyosambaa: Tathmini ya Dawa na Huduma Yake

Dakabazini, dawa ya kemo (kemikali zinazoua seli za saratani), iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1975 kutibu melanoma, aina ya saratani ya ngozi, iliyosambaa mwilini, na kwa miongo mingi ilikuwa ndiyo kipimo cha kupimia tiba nyingine za ugonjwa huo. Ninaitathmini kama mtu aliyemuuguza shangazi yake akiwa katika tiba hiyo, baada ya doa jeusi la unyayoni kugeuka kidonda kisichopona na mitoki kumtoka. Kwa sisi watu weusi melanoma hutokea zaidi unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, mahali ambapo jua si chanzo kikubwa, na kwa sababu hiyo wengi hudhani ni mwiba au kidonda cha kawaida mpaka ugonjwa unapokuwa umekwenda mbali. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, ugonjwa wake ulianzia kwenye kidole cha mguu.

Dawa yenyewe ni unga unaoyeyushwa na kupitishwa katika mshipa kwa dripu, ama mara moja kila baada ya wiki tatu, ama kwa dozi ndogo siku tano mfululizo. Kwa anayetoka mbali, mpango wa siku moja unapunguza nauli na malazi, ingawa dozi yake ni nzito zaidi kwa siku hiyo. Mwanga huiharibu, kwa hiyo dripu hufunikwa, na dawa iliyokwisha kuyeyushwa ikigeuka rangi ya waridi haifai kutumiwa. Wauguzi waliomhudumia shangazi walikuwa makini sana katika jambo hili, na aliposema mkono unamuunguza walipunguza kasi ya dripu bila kumwona msumbufu. Ninawasifu kwa moyo wote, kwa sababu tiba ya aina hii hutegemea mkono wa muuguzi karibu sawa na inavyotegemea dawa.

Mateso makubwa ni kutapika. Dakabazini ni miongoni mwa dawa za saratani zinazotapisha zaidi, na mgonjwa anapaswa kupewa ondansetroni pamoja na deksamethasoni kabla dripu haijaanza, si baada ya kuanza kutapika. Hapa ndipo huduma tuliyoipata ilipopungua: mara nyingine dawa hizo za kuzuia kutapika hazikuwapo, nasi tukaelekezwa duka la nje mgonjwa akiwa ameshalazwa kitandani. Kwa maoni yangu, hospitali isiyo na dawa hizo siku hiyo haina budi kumwambia mgonjwa kabla hajapanda gari. Jambo la pili ni damu. Seli nyeupe na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hushuka, mara nyingi wiki kadhaa baada ya dripu, kwa hiyo damu hupimwa kabla ya kila mzunguko wa tiba, na homa yoyote inayompata mgonjwa akiwa nyumbani ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Je, inafanya kazi? Kwa wachache, ndiyo. Utafiti ulioilinganisha na nivolumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, ulihusisha wagonjwa 418 na kuonyesha kwamba uvimbe ulinywea kwa asilimia 13.9 ya waliopewa dakabazini, ilhali kwa wenzao ilikuwa asilimia 40. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hai walikuwa asilimia 42.1 ya waliopewa dakabazini na asilimia 72.9 ya waliopewa nivolumabu. Takwimu hizi zilichapishwa tangu miaka ya 2014 na 2015, na ni haki ya kila familia kuzisikia kabla ya kuuza kiwanja au ng'ombe. Shangazi alipata nafuu ya muda, uvimbe ukasimama, kisha picha zikaonyesha umefika mapafuni, na daktari akaisitisha dawa. Ninauheshimu uamuzi huo, maana kuendelea kungemletea kutapika tu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza nivolumabu na pembrolizumabu, dawa nyingine ya kuamsha kinga, katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya melanoma iliyosambaa. Dakabazini imo katika orodha hiyo pia, lakini kwa ajili ya limfoma ya Hodgkin, aina ya saratani ya tezi za limfu. Kwa hiyo kuwapo kwake katika famasia ya hospitali hakuthibitishi kwamba ndiyo tiba bora ya melanoma. Mara nyingi maana yake ni kwamba ndiyo inayopatikana na ndiyo ambayo mfuko unaimudu. Bei ya dawa hizo za kuamsha kinga bado ni ukuta kwa familia nyingi, nami sioni kosa kwa anayechagua dakabazini kwa sababu hiyo, alimradi mgonjwa bado ana nguvu, picha zirudiwe baada ya mizunguko michache, na dawa za maumivu, mofini ikiwamo, zitolewe tangu mwanzo bila kungoja kemo ishindwe.

Anayeishi mbali na hospitali amuulize daktari pia kuhusu temozolomaidi, vidonge vinavyogeuka mwilini kuwa kemikali ile ile inayotenda kazi katika dakabazini. Humezwa nyumbani kwa siku tano katika kila wiki nne, na matokeo yake kwa melanoma yamekuwa yakikaribiana na ya dripu, ila damu bado lazima ipimwe.