Eli za Kiingereza hapa Kampala: zisinywewe za barafu

Glasi nne za kuonja, mililita 150 kila moja, kwenye kiwanda kidogo cha bia kinachopika eli, bia inayochachushwa kwenye joto zaidi kuliko laga, kwa mtindo wa Uingereza. Zinaletwa baridi mno, utadhani ni laga, ile bia nyepesi ya kunywa baridi. Ziache mezani dakika kumi hivi. Eli hufunguka kwenye nyuzi 11 hadi 13, na hapo ndipo harufu ya hopsi, maua yanayoitia bia uchungu, aina ya Goldings, zile za Kent huko Uingereza, inapopanda.

Anza na bita, eli chungu ya kileo asilimia 3.8: rangi ya shaba, kimea (nafaka iliyochipuzwa na kukaushwa) kinanukia biskuti, uchungu mkavu unakaa nyuma ya ulimi. Hiyo ndiyo ya kurudia. Ya dhahabu haina kosa wala la kusimulia. Pota, ile nyeusi, ina ladha ya kahawa iliyokaangwa, ila povu linazima mapema. Mara nyingi ni glasi isiyosuuzwa sabuni vizuri.

Eli kali ndiyo imeharibika, inanuka siagi. Hamira haikuachiwa siku mbili tatu za mwisho kwenye joto ili imalize daiasetili, kemikali inayoleta harufu hiyo ya siagi, kabla ya tangi kupozwa.

Ukinunua ya chupa, inamisha glasi, mimina taratibu, na mashapo yabaki chupani. Mnywaji wa waragi, pombe kali ya Uganda, ataiona maji tu.