Pedi ya gemu niliyonunua Ngamiani, na kijana aliyeniambia nimlete mtoto

Nyota moja. Niliweka moja, nikafuta nikaweka tatu, sasa nimerudi kwenye moja. Nivumilieni, huenda nikabadilisha tena kabla sijamaliza.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Makorora, na usiku vyombo vikishaoshwa nacheza Call of Duty, gemu ya kupigana kwa bunduki, kwenye simu. Sitaki maswali. Shida yangu ilikuwa jasho. Joto la Tanga wakati wa kaskazi mnalijua: dole gumba likilowa kioo hakisomi, unataka kukimbia unajikuta umesimama kama mlingoti, watu wanakulenga wanavyotaka. Nilikuwa napaka poda ya mtoto vidoleni kila raundi, mpaka simu imekuwa kama kitumbua kilichoangukia unga. Ndipo nikasema ninunue pedi, kile kifaa cha vitufe na vijiti cha kushika mikononi unapocheza gemu. (Dada zangu, dukani msiseme "pedi" mkaishia hapo, mtaelekezwa duka la dawa. Semeni "pedi ya gemu".)

Nikaipata Ngamiani, elfu thelathini na tano. Kijana wa dukani nikamuuliza kabisa, hii inacheza Call of Duty? "Gemu zote mama, zote." Alisema zote mara mbili.

Nyumbani bluetooth ikashika mara moja. Taa ya bluu ikatulia, nikawa natembea kwa kijiti kutoka programu hii hadi ile, raha tupu. Nikafungua gemu. Kimya. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, nikabonyeza hata vile vya nyuma. Askari wangu kasimama tu na bunduki yake, anapumua. Nilikufa mara kumi na moja, nimehesabu.

Nikarudi dukani. Nikamsalimia vizuri, nikaweka simu na pedi juu ya kaunta, nikamweleza. Hakugusa chochote. Macho yako kwenye simu yake. Akasema, "Mama, mlete mtoto mwenyewe nimwelekeze. Wewe utanichosha."

Mtoto gani? Mkubwa wangu ana miaka tisa na kila gemu anayoijua nimemfundisha mimi! Kulikuwa na wateja wawili pale, mmoja akacheka. Nikasema basi nirudishie hela yangu. "Mali ikishatoka hairudi." Risiti je? "Pedi haina risiti." Haya yametokea Tanga hii hii, ambako mtu akikukanyaga anakuomba radhi mpaka unaona haya kukasirika.

Usiku ule sikulala, nikasoma. Gemu yenyewe sina ugomvi nayo. Ilipoanza kukubali pedi mwaka 2019 ilitaja za PS4 na Xbox One, zile mashine za gemu za kwenye TV, na hata ile ya PS4 toleo la kwanza iliachwa nje. Kwenye menyu unaendelea kugusa kwa kidole, pedi inaanza kazi mkishaingia mchezoni, na wenye pedi wanapangwa na wenye pedi wenzao, jambo ambalo ni haki kabisa. PUBG Mobile, gemu nyingine ya bunduki, ndiyo nilisoma kuwa ilikuwa haikubali pedi kabisa. Sasa hizo "zote" alizitoa wapi?

Nyota tatu zilitokana na PPSSPP, ile programu ya kuchezea kwenye simu gemu za PSP, mashine ndogo ya gemu ya mkononi. Unaingia kwenye mipangilio, unagusa jina la kitufe, kisha unabonyeza cha kwenye pedi, kimoja kimoja mpaka viishe. Dakika kumi, bila mtoto. Mpira ukachezeka vizuri mno, jasho litiririke litakavyo. Mume wangu aliomba ajaribu kidogo tu, akanirudishia saa sita usiku. Kwa hiyo kama shida yako ni mpira wa PPSSPP, nunua, siwezi kukudanganya. Ila mimi kila nikiishika nasikia "wewe utanichosha", na nyota zinashuka zenyewe.

Juzi napita pale, kijana ananiita: "Mama karibu, zimeingia za PS4, mtumba safi." Wala hanikumbuki. Nikamwambia abonyeze kitufe cha Share na kile cha PS kwa pamoja, asiachie. Taa ikaanza kumwekamweka. Nikamuuliza, ule mstari wa mwanga juu ya kibao cha kugusa uko wapi? Akaigeuza, akaichungulia mbele na nyuma. "Mstari gani tena, mama?" Nikamweleza kuwa toleo la kwanza halina, la pili linao, alete nyingine. Ya tatu ndiyo ilikuwa nao. Nikaiunganisha na simu yangu palepale, nikaingia uwanja wa mazoezi. Askari akakimbia! Wateja waliokuwepo safari hii walikaa kimya.

Elfu hamsini na tano. Sikuwa nazo, nikamwachia kumi aniwekee mpaka mwisho wa mwezi, nikamwambia aniandikie risiti. Akainama chini ya kaunta kutafuta kitabu. Nilisimama pale mpaka alipokipata, kina vumbi, hakuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa.

Basi, nyota mbili.