Chenso yangu ya pili: mwaka mmoja wa kukata mikaratusi Mwanza

Nauza mirunda na kuni. Mikaratusi yangu iko upande wa Buhongwa, na wateja wangu wakubwa ni mafundi ujenzi pamoja na kina mama wanaobanika samaki. Miaka yote nilikata kwa shoka na msumeno wa kuvutana watu wawili. Halafu nikanunua chenso, yaani misumeno ya injini, mbili ndani ya miezi minne. Naandika kwa ajili ya yule ambaye pesa anayo tayari na kesho anaingia dukani.

Ya kwanza jina lake naliacha, na la duka pia. Bei ilikuwa rahisi, nguvu ilikuwepo, mti ulikuwa unalala. Siku moja napunguza matawi ya mti uliokwisha anguka, ncha ya baa, ule ulimi wa chuma ambao cheni ya meno inauzunguka, ikagusa tawi jingine lililojificha nyuma ya majani. Mashine iliruka kunijia usoni. Ilipita pembeni ya shingo ikachana ukosi wa shati, na cheni bado inazunguka. Kijana wa dada yangu, ndiye msaidizi wangu, alibaki anaita "Mjomba! Mjomba!" asipate neno la kuongeza.

Fundi alipoifungua ndipo nilipojifunza. Ile kinga iliyosimama mbele ya mkono wa kushoto, ambayo mimi nilidhani inazuia matawi tu, ndiyo breki ya cheni. Ndani kuna utepe wa chuma unaotakiwa kubana ngoma ya klachi, ile inayozungusha cheni. "Mzee, utepe huu haubani kitu," akaniambia. "Mungu amekulinda."

Nikakaa wiki tatu sijakata, kisha nikajikusanya nikanunua STIHL MS 250 yenye baa ya sentimita 45. Bei yake ilikaribia mara tatu ya ile. Injini ni ya sentimita za ujazo 45.4, na uzito ni kilo 4.6 kabla ya kufunga baa na cheni. Kwa mikaratusi ya mirunda inatosha kabisa. Lakini kilichonifanya niipende ni breki.

Ninavyoipima ni hivi. Mashine ikiwa imezimwa na breki imeachiwa, naishika juu ya kisiki, baa imelala sawa, halafu naachia mpini wa mbele ili ncha idondoke yenyewe juu ya gogo huku mpini wa nyuma nimeushika. Ncha ikigonga tu, kinga inaruka mbele: tak! Hapo breki imejifunga bila mkono kuigusa. Kisha naiwasha, naachia breki, nimeishika kwa mikono yote miwili, navuta mafuta kidogo na kuisukuma kinga kwa kifundo cha mkono. Cheni lazima isimame papo hapo. Nafanya hivyo kila asubuhi kabla ya mti wa kwanza. Ukienda kununua, mwombe muuzaji akuonyeshe. Akikataa, ondoka.

Mwezi wa sita wangu nayo, ncha iligusa tena. Mashine ilinyanyuka, nikasikia ule mlio wa tak, na cheni ilikuwa imeshasimama kabla sijajua nini kimetokea. Hatari iko kwenye robo ya juu ya ncha ya baa. Pale meno yakikutana na mti hung'ang'ania, na nguvu yote inairudisha baa juu, kwako. Kwa hiyo usisimame nyoofu nyuma ya baa, na kidole gumba cha kushoto kizunguke mpini kwa chini. Vidole vikiwa vimelala juu tu, mashine itachomoka.

Mafuta nachanganya mililita 100 za oili ya STIHL ya injini za tuu-stroki kwa lita 5 za petroli. Cheni naipa oili yake. Oili chafu ya gari niliiacha kwa sababu ina vumbi la chuma linalokula baa. Tupa ni ya milimita 4.8, na nanoa kila ninapojaza tangi. Ukiona inatoa unga badala ya vipande vya mti, cheni ni butu, na mtu mwenye cheni butu huanza kusukuma kwa nguvu. Hapo ndipo watu huumia.

Jambo moja la huku kwetu: angusha miti asubuhi. Mchana upepo wa ziwa unaingia nchi kavu, na mkaratusi mrefu uliokwisha katwa nusu unaweza kugeukia usikotaka. Mimi saa nne nimemaliza kuangusha, kilichobaki ni kupunguza matawi na kukata vipande. Watu wote wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti, na njia yangu ya kukimbilia, kwa nyuma mshazari, naifyeka kabla sijawasha.

Nilinunua pia kofia yenye wavu na vizibo vya masikio, na suruali ya kinga. Suruali ina joto, sitaficha, kwa jua la Mwanza unalowa jasho. Ndani ina nyuzi ndefu ambazo cheni ikichana kitambaa zinachomoka na kujisokota kwenye gia mpaka mashine inakwama. Ya kijana wangu nimeagiza. Mpaka ifike, yeye anabeba mirunda tu, chenso haigusi.