Abair.ie na teanglann.ie: kwa yeyote anayelazimika kuita majina ya Kiayalandi kwa sauti

Kama unaishi Ayalandi na kazi yako inakutaka uite watu majina, achana na zile orodha za "namna ya kutamka" zilizojaa mtandaoni. Fungua abair.ie, tovuti inayokusomea maandishi kwa sauti. Ni bure, na sauti zake ni za Kiayalandi chenyewe, si za Kiingereza kinachobahatisha.

Mimi nipo mapokezi katika kliniki moja ya Galway, magharibi mwa nchi. Wenye kliniki walinunua programu ya kuita wagonjwa kwa spika, sauti nyororo ya Kiingereza, nasi tukaambiwa kazi ya kupaza sauti imekwisha. Ikaanza na Tadhg. "Tadi-hig!" Kimya. Ikarudia. Mzee aliyeitwa alikuwa amekaa chini ya spika ileile, akamgeukia jirani yake kumuuliza kama ameelewa huyo mama anamtafuta nani. Jina lake ni "Taig", silabi moja, basi. Niamh, ambaye ni "Niiv", akaitwa "Niamu". Alipofika Caoimhe ile mashine ikatoa mlio ambao sitajaribu kuuandika, na watoto wawili wakaangua kicheko. Programu ikazimwa, kazi ikarudi kooni mwangu.

Sasa, orodha za mtandaoni zina kasoro gani? Nyingi zimeandikiwa msomaji wa Kiingereza. Caoimhe wanakuandikia "Keeva", Niamh "Neev", Tadhg "Tige". Wewe uliyezoea kwamba kila irabu ina sauti yake moja unasoma Ke-e-va, Ne-ev, Ti-ge, na unakuwa umepotea mara mbili: kwanza kwenye tahajia ya Kiayalandi, kisha kwenye ya Kiingereza. Ndiyo maana nasema sikio ndilo linalofaa hapa, na abair.ie ni ya masikio.

Imetengenezwa Trinity College Dublin. Kuna kisanduku, unaandika jina, unachagua lahaja, unabonyeza, inasema. Lahaja zipo tatu kubwa: ya Ulster kaskazini, kwa sauti ya Gaoth Dobhair huko Donegal, ya Connacht, yaani Conamara, ambako ndiko kwa majirani zangu, na ya Munster kusini, kwa sauti ya Corca Dhuibhne huko Kerry. Hii ya kuchagua lahaja si pambo. Andika Siobhán, sikiliza ya Munster: utasikia v katikati, na uzito umeangukia mwishoni, "shi-VAAN". Hamia Conamara: v imeondoka, imekaa w, na uzito umerudi mwanzoni. Ukimsikia mtu wa Dublin anayezungumza Kiingereza tu, atakwambia "Shivoon". Hakuna aliyekosea kati yao.

Na andika alama ya mkwaju juu ya irabu, ile wanayoiita fada. Ukiandika Sean bila fada, mashine itakusomea "shan", neno jingine kabisa, na itakuwa imefanya kazi yake sawasawa. Kwenye simu kandamiza a kwa muda, á itajitokeza. Watu hapa wanaijali alama hiyo kiasi kwamba sheria ya lugha rasmi ya mwaka 2021 iligusia hata mifumo ya kompyuta ya taasisi za umma, iweze kuandika jina la mtu pamoja na fada yake. Naunga mkono. Mtu akiniandika jina langu nusu, nami nanuna.

Ukisikiliza kwa wiki kadhaa unaanza kuona kwamba tahajia hii haina wazimu kama inavyoonekana. Herufi za asili za Kiayalandi ni 18. Humo hakuna v, w, j wala k. Sauti ya v ikitakiwa, inaundwa kwa bh au mh. Katika maandishi ya zamani kazi hiyo aghalabu ilifanywa na nukta juu ya herufi. Uchapaji ulipohamia herufi za Kirumi za kawaida katika karne ya 20, nukta zikaondolewa, h zikawekwa mahali pake, na majina yakavimba. Sadhbh ni mfano mzuri. Leo ni herufi sita, konsonanti nne zimebanana mwishoni kama abiria wa daladala ya jioni. Zamani zilikuwa herufi nne na nukta mbili. Linatamkwa "Saiv".

Irabu nazo zina mambo yake. Kuna nyembamba, i na e, na kuna pana, a, o na u. Konsonanti ikiwa katikati, irabu za pande zote mbili zinatakiwa ziwe za kundi moja. Kwa hiyo irabu nyingi hazitamkwi; zimewekwa ili kuonyesha konsonanti iliyo jirani isikike vipi. Ile e ya Seán huisikii. Ipo ili s isomeke sh. Hivyohivyo s ya Sinéad, Róisín na Oisín. Na ukishajua kwamba aoi ni "ii", umefungua mlango wa Aoife (Iifa), Naoise (Niisha), Caoimhe na hata mji wa Portlaoise. Saoirse inapaswa kuwa humo humo, na wapo wanaosema "Siirsha", ila mwigizaji Saoirse Ronan mwenyewe husema kitu kinachokaribia "Sersha". Basi ni Sersha.

Hapa niwaonye Waswahili wenzangu, kwa sababu ujasiri wetu ndio unaotuponza. Tunaziona sh, th, dh na ch tunafurahi, tunadhani tumefika nyumbani. Sivyo. Sh ya Kiayalandi ni h. Th pia ni h. Ch ni kh, ile ya Sheikh. Na dh haiwi ile ya dhahabu hata siku moja: mara ni y, mara haisikiki kabisa, kama katika Fiadh, "Fia", jina lililoongoza kwa watoto wa kike waliosajiliwa mwaka 2021. Lakini kuna mahali tunawapita wenyeji wengi. Kwenye ukoo wa Ní Dhomhnaill, hiyo Dh ni gh ya ghali, safi kabisa: "Nii Ghoonil". Wenzangu kazini waliosoma Kiayalandi shuleni miaka yote ile wanaitoa kama g ya gari. Mimi naitoa na wagonjwa wa kutoka Conamara wananigeukia.

Tukiwa hapo hapo Conamara: mtu akikusemesha Kiayalandi nawe unataka kumwita, jina linabadilika mdomoni. Seán anakuwa a Sheáin, na ile sh ni h. Máire anakuwa a Mháire, m imegeuka w au v. Séamas anakuwa a Shéamais, na kwa njia hiyohiyo ndugu zao wa Uskoti walipata jina Hamish. Orodha za mtandaoni hazina habari na jambo hili. Abair.ie haibabaiki, mradi wewe umeandika umbo lenyewe la kuitia; haitakubadilishia jina yenyewe.

Teanglann.ie ni kitu tofauti. Ni kamusi, na sehemu yake ya matamshi ina sauti za watu halisi waliorekodiwa. Kando ya neno kuna vitufe vya C, M na U, yaani zile lahaja tatu. Sauti ya mtu ina uhai ambao mashine haina, hasa kwenye r nyembamba, yaani iliyo jirani na i au e, ambayo mimi bado naisikia kama r inayotaka kuwa y. Kwa majina ambayo pia ni maneno ya kawaida, kama Saoirse na Aisling, naanzia hapo. Ila ukileta Caoilfhionn usitarajie kamusi ikubebe, rudi abair.ie. Majina ya vijiji na mitaa ninayapeleka logainm.ie, ambako mengi yamewekewa sauti.

Nyota nne kwa abair.ie, kwa sababu kuna swali moja ambalo haiwezi kulijibu: mwenye jina amelizoea vipi? Caoimhe mmoja ni "Kwiiva", mwingine, hasa akitoka kaskazini, ni "Kiiva". Gráinne kwa Kiayalandi ana "aa" ndefu, lakini Gráinne wengi wanaozungumza Kiingereza huitika kwa "Gronya". Kwa mwigizaji Domhnall Gleeson, mh ya jina lake haisikiki kabisa. Kwa hiyo nasikiliza kwanza asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, orodha ya siku ikiwa mbele yangu, kisha mgonjwa anapokuja dirishani namuuliza, na jibu lake naliandika kwa tahajia yetu pembeni mwa faili. Hapo Aoife ni Iifa, Meadhbh ni Meev kwa e ndefu, Eoghan ni Oo-en. Dada anayenipokea zamu ya jioni anatoka Eldoret, na naye anazisoma bila shida.