Taa ya UVB ya mrija wa T5 kwa kobe wa ndani: hesabu miezi, usitazame mwanga

Kobe Jonathan, anayekadiriwa kuanguliwa karibu mwaka 1832, alipelekwa kisiwa cha Saint Helena mwaka 1882, na huko ameishi nje akiota jua. Kobe wa ndani hana jua hilo, na dirisha halimfai kitu: kioo cha kawaida hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu UVB yote, yaani ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho. Mionzi hiyo ndiyo inayoanzisha utengenezaji wa vitamini D3 kwenye ngozi. Ikikosekana, kalsiamu unayomnyunyizia kwenye majani hupita tumboni bila kufyonzwa vya kutosha, mwili ukaanza kuichota mifupani, na gamba likalainika.

Kati ya aina tatu za taa za UVB zinazouzwa sana, sisi tunauchagua mrija wa T5, yaani taa nyembamba ndefu ya floresenti. Balbu ndogo ya kujipinda humulika eneo dogo mno. Kobe akisogea hatua chache, hapati kitu. Balbu ya zebaki ina nguvu na inatoa joto pia, ila hukausha gamba, haipunguzwi na kidhibiti joto, na ikizimika ingali ya moto huchukua dakika kadhaa kuwaka tena. Mrija humwaga mionzi kwa upana, kama jua la kawaida.

Mrija wa wati 24 una urefu wa sentimita 55 hivi, wa wati 39 sentimita 85. Chagua unaofika nusu au theluthi mbili ya urefu wa banda, ili kobe abaki na kivuli cha kukimbilia. Balasti, kifaa kinachouwasha mrija na kudhibiti umeme wake, ilingane na wati za mrija. Nunua na kiakisi chake cha chuma king'aavu, kwani bila hicho mionzi mingi huishia darini.

Makosa mengi hutokea kwenye kimo. Watu hupima kutoka taa hadi sakafu, ilhali kinachopokea mionzi ni mgongo wa kobe. Kwa mrija wa asilimia 12 (kiwango cha UVB kilichoandikwa juu yake) wenye kiakisi, anza na sentimita 40 hivi juu ya gamba, kisha fuata jedwali la mtengenezaji. Wavu ukiwa katikati hula theluthi nzima au zaidi. Kifuniko cha kioo au plastiki kiondoe kabisa. Mwenye kipimo cha UVI (kielezo cha nguvu ya mionzi ya UV) atafute 3 hadi 4 pale anapoota kobe wa nchi kavu zenye jua kali. Kobe wa misituni wanatosheka na chini ya hapo.

Taa ikae juu, kamwe isiwe ubavuni. Paji la kobe hulikinga jicho dhidi ya mwanga wa utosini tu. Wa pembeni huliunguza, likavimba, na kobe akashinda amefumba macho na kususa chakula.

Mrija hautoi joto la kutosha. Weka balbu ya joto kando yake, vyote vimulike sehemu moja yenye nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Kobe hufuata joto, na ngozi iliyopashwa ndiyo inayokamilisha hiyo D3. Taa ziwake saa 12 kwa siku, kwa taima.

Dosari kubwa ya mrija haionekani kwa macho: UVB hufifia mapema huku mwanga ukiendelea kuwaka vizuri. Hapo ndipo kobe aliyetunzwa miaka na miaka huharibika polepole, bila mwenyewe kushtuka. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kifuniko cha chuma mwishoni mwa mrija, na miezi 12 ikitimia uubadilishe, hata kama unang'aa. Vumbi lifutwe kila wiki, taa ikiwa imezimwa na kupoa.

Kwa kobe aliyekomaa, bonyeza taratibu ukingo wa gamba kwa kidole gumba: liwe gumu kama ukucha. Kifaranga hulegea kidogo, hiyo ni kawaida. Likibonyea kwa mkubwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kununua taa nyingine. Mrija wa zamani una zebaki kidogo, kwa hiyo usiuvunje. Utie kwenye boksi la ule mpya na uupeleke panapopokelewa taka za aina hiyo.