Mabati ya kuezekea Goma: kabla ya rangi, uliza habari ya tundu la msumari

Fundi aliniita nipande ngazi nione mwenyewe. Usiku ule upepo ulikuwa umetoka ziwani, ukapita mtaa wa Kyeshero dakika chache kabla ya mvua, na mabati matatu ya upande wangu wa mbele yakaenda kulala kwa jirani, moja juu ya mgomba wake. Nilitegemea kukuta misumari imeng'oka. Hakuna uliong'oka. Yote ilikuwa imesimama kwenye mbao kwa mstari, na chini ya kofia ya kila msumari kulikuwa na kipande cha bati cha mviringo, upana wa kizibo cha soda, kingo zake zimechanika-chanika. Bati lilikuwa limekwenda, likaacha matundu yake nyuma.

Mabati yale niliyanunua kwenye soko la Birere mwaka 2025, baada ya vita vya Januari kuniachia matundu mawili ya risasi juu ya sebule. Fundi akasema badilisha upande mzima, nami sikuwa na subira. Muuzaji akanipunguzia dola moja kwa kila bati, nikatoka pale najiona mjanja. Kila bati lilikuwa limeandikwa BG 30 kwa wino wa buluu. BG ni kipimo cha unene: namba ikipanda, bati ni jembamba zaidi.

Asubuhi ya pili nililibeba moja mpaka kwa mama anayeniuziaga maharagwe, tukalikunja na kuliweka kwenye mizani yake. Kilo 4 na gramu 600. Bati la metre 3, na nikipitisha futi ya fundi juu ya mawimbi yote napata sentimita 90, kwa hiyo ni metre 2.7 za mraba. Chuma cha unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 7.85 kwa kila metre ya mraba. Gawanya uzito kwa eneo, gawanya tena kwa 7.85: yangu ilitoka milimita 0.22. BG 30 ya kweli ni karibu milimita 0.31. Hata BG 32, ile tunayowekea kuku, ni 0.25. Mimi niliuziwa kitu ambacho hakina namba.

Andikeni hesabu hii nyuma ya daftari la ujenzi. Metre moja ya mraba ya BG 28 (milimita 0.4) ina kilo 3 na kidogo. BG 30 ina kilo 2 na gramu 400 hivi. BG 32 haifiki kilo 2. Ukienda na pia kulisi, kile kifaa cha kupimia unene, ni vizuri zaidi, ila ujue inapima na rangi pia, na ujue muuzaji atapiga kelele. Mmoja aliniambia mbele ya wateja: «Mama, hii ni bati, si madini ya koltani!» Nikamjibu kwamba koltani hainyeshewi.

Rangi gani inapendeza, bati lipi linapiga kelele zaidi mvua ikinyesha, mtindo wa vigae au wa mawimbi: sitazungumzia hayo, kila muuzaji atakueleza bila kumuuliza. Swali langu kwa kila bati ni moja tu: kofia ya msumari inashika nini? Watu wanafikiri upepo unasukuma paa. Unasukuma, lakini unalinyonya pia kwenda juu, na kunyonya ndiko kunakoua. Nguvu hiyo ni kubwa zaidi kwenye pembe, kwenye ukingo unaotokeza nje ya ukuta, na karibu na fetieri, yaani kilele cha paa. Bati linapanda na kushuka mahali pale pale, mara mia, mara elfu, na mahali lilipobanwa na kofia linachoka kama waya unaoukunja huku na huku mpaka ukatike.

Waaustralia walilijua hili kwa gharama. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1974 kimbunga Tracy kilipiga mji wa Darwin, na walipochunguza mabati yaliyoruka walikuta nyufa zimeanzia kwenye matundu ya misumari na visi (skrubu). Bati lililokuwa likipita majaribio ya kuvutwa mara moja lilishindwa kwa kutikiswa mara nyingi. Tangu hapo mabati ya maeneo yao ya vimbunga hujaribiwa kwa kutikiswa tena na tena kabla ya kuuzwa. Sisi hatuna vimbunga vya bahari, Kivu ni ziwa. Lakini niliposoma habari za nyufa zile nilivikumbuka vizibo vyangu vya soda.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza, bila mashindano: alu-zinki BG 28 ya mawimbi, na kama unaipata, ya Uganda Baati. Sitaficha, mimi ni mtu wa Uganda Baati. Ni dada wa Mabati Rolling Mills ya Kenya na ALAF ya Tanzania, zote za kundi la Safal, na mabati yao nimeyapima mara tatu, kwa nyakati tatu tofauti za mwaka, kila mara unene ukalingana na maandishi. Kwa Birere hiyo ni karibu muujiza. Ngozi ya alu-zinki ni alumini asilimia 55, karibu yote iliyobaki ni zinki, na silikoni kidogo. Kwa nini Goma inaihitaji? Angalia kaskazini usiku. Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa gesi ya salfa, na mara nyingi upepo huipeleka magharibi, upande wa Rusayo na Sake. Gesi ikikutana na mvua inakuwa asidi. Zinki tupu inaliwa na asidi hiyo, na mahali pa kwanza kuliwa ni pale ngozi ilipotobolewa: tundu la msumari, tena. Alumini inavumilia zaidi. Jambo moja tu: alu-zinki na saruji mbichi hawaelewani. Fundi akipiga lipu juu ya ukuta na kudondosha saruji kwenye bati, aioshe siku hiyo hiyo, kabla haijakauka, maana itakula ngozi.

Ya pili ni bati hilo hilo lililopakwa rangi kiwandani. Nimeliweka la pili kwa sababu rangi inaficha. Mkwaruzo wa fundi anayeburuta mabati juu ya mawe ya volkano hauonekani mpaka kutu itoke. Na wauzaji wanapenda rangi, kwa kuwa mteja anaangalia wekundu na anasahau unene.

Ya tatu, vigae vya chuma vyenye changarawe, kama Decra ya New Zealand. Hapa napenda jinsi vinavyofungwa: msumari unaingia kwa ubavu, kupitia ukingo wa mbele wa kigae, si kutoka juu, kwa hiyo upepo unaponyonya unauvuta msumari kwa upana, hauuvuti kwenda juu. Ni akili nzuri sana. Ila mbao zake zinataka kupangwa karibu karibu na kwa kipimo kamili, na fundi wa kupima hivyo ukimpata, umlishe vizuri. Bei yake ni ya nyumba za Himbi zinazotazama ziwa. Mimi nazitazama nikipita na pikipiki.

Ya nne, alumini tupu, wengine wanaiita bakalu. Nitalaumiwa, kwa sababu wazee wengi wanaisifu kwamba haishiki kutu, na kweli haishiki. Lakini alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, na ni laini. Jua la saa saba linaivuta, baridi ya usiku inairudisha, na kila siku tundu linapanuka kidogo kuzunguka msumari. Baada ya miaka michache unaona matone sebuleni na unafikiri mpira wa chini ya kofia umechoka. Ukiitaka, chukua nene, na tundu liwe kubwa kidogo kuliko visi ili bati lipate nafasi ya kujinyoosha.

Ya tano, zinki ya kawaida BG 30. Jikoni, chooni, kwa miaka michache. BG 32: kuku.

Ninajua mtu ataniuliza, «Mama, na sisi tusio na pesa?» Nunua BG 28 chache, uzifunge pembeni na kwenye pembe, katikati ujaze BG 30. Upepo huanzia pembeni. Ni sura mbaya kidogo, lakini nani anaangalia paa lako kutoka juu?

Turudi kwenye kofia, maana bati nene lenye msumari mbaya ni pesa zilizotupwa. Mafundi wetu wanapenda msumari laini wa kofia kwa sababu unaingia kwa nyundo mbili. Mbao tunazonunua Goma ni mikaratusi iliyokatwa juzi, bado ina maji. Ukipiga msumari laini kwenye mti mbichi unashika sana siku hiyo, halafu mti unakauka, unajikunja, na nguvu ya kushika inapungua vibaya. Mimi bati langu lilichanika kabla msumari haujalegea. Wa jirani yangu wa upande wa pili ulilegea kwanza, bati lake halikuchanika, lakini liliruka vilevile. Nunua visi zenye mpira mweusi chini ya kofia ya chuma. Ubonyeze mpira kwa ukucha: unaorudi ni mzuri, unaobaki na alama ni plastiki iliyotiwa rangi. Kwa bati la mawimbi nachukua visi ya milimita 65, nafunga juu ya mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni ambako maji yanapita. Kaza mpaka mpira utokeze kidogo tu kuzunguka kofia. Ukitoka nje kama ulimi wa mbwa, umeshaupasua. Pembezoni weka visi kila wimbi la pili. Katikati ya paa unaweza kuruka mawili.

Na msikubali misumari au visi vyenye risasi, ile metali laini ya kijivu, kwenye kofia. Kule Hawaii, mwaka 1988, walipima maji ya mvua yanayotoka kwenye mapaa ya mahali panapofikiwa na gesi ya volkano ya Kilauea, wakakuta maji ya nyumba nyingi yana risasi, iliyoyeyushwa na mvua ya asidi kutoka kwenye misumari na rangi za paa. Goma yetu haina mito, na bomba la Rejideso, shirika la maji, linapiga miayo. Nusu ya mtaa wangu inakunywa paa lake.

Jambo jingine la fundi: akija na meleze, ile mashine ya diski inayozunguka, ya kukatia bati, mrudishe nyumbani akachukue mkasi. Cheche za meleze zinatua juu ya bati zikiwa za moto, zinachoma ngozi, na baada ya wiki mbili unaona madoa ya kahawia kama bati limepata surua.

Nilimrudia muuzaji wangu wa Birere na kipande changu cha bati mkononi. Hakukataa unene. Alisema, «Mama, mimi ninauza kama ilivyoandikwa.» Nani ameandika? Alinionyesha bosi wake, bosi akanionyesha mpaka, yaani mwenye kosa yuko ng'ambo. Wino ule wa buluu nilimfutia mbele yake kwa kitambaa chenye petroli, ukatoka wote. Kiwanda kizuri huchapa jina na kipimo kwa urefu wa bati, tena na tena, si muhuri mmoja kwenye pembe kama wa kata.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni siku niliponunua. Benki zilikuwa zimefungwa mjini, na noti za dola tulizokuwa nazo zilikuwa zilezile zilizozunguka kutoka mkono hadi mkono, zimelegea kama majani ya lengalenga yaliyopikwa. Bwana yule alichukua noti yangu ya 20, akainyanyua juani, akaipitisha vidole pembeni, akaona mpasuko mdogo, mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga, akanirudishia: «Hii haipite.» Nikaenda kuibadilisha kwa hasara. Mtu anayeona mpasuko wa nusu milimita kwenye karatasi haoni kwamba bati lake limekosa karibu theluthi ya chuma! Siku hizi na mimi nanyanyua bati juani kwanza, nalipitisha vidole pembeni polepole, halafu ndipo natoa noti.

Matundu yale mawili ya risasi ningeyaziba kwa nusu siku tu, kwa kiraka cha bati na silikoni. Upande wa mbele umepata BG 28 mpya na visi 210, nilizihesabu mwenyewe kwa sababu paketi iliyoandikwa 100 ilikuwa na 94. Mifereji ya maji bado sijaigusa. Inavuja mahali pawili, na kuna ndoo chini ya kila pahali.