Nililala Matonge, Ixelles: uzoefu wangu kwa watu wa L'shi (Lubumbashi) wanaopanga kwenda Bruxelles

Nianze na jibu kabisa, juu najua wengi mutasoma mistari miwili tu kiisha mupite: ndiyo, chumba cha kukodi mu Matonge, ule mtaa wa Wakongo mu komini ya Ixelles, Bruxelles, kinafaa, ningelipa tena, lakini si kwa sababu zile watu wanasemaka. Nota yangu ni 7 juu ya 10. Tatu zilizobakia zilipotea kwenye ngazi, kwenye makelele ya Jumamosi usiku, na kwenye ile franga ya usafi ambayo inatokea mwisho wakati umeisha kuingiza karte ya benki.

Mi ni mtu wa Katuba, komini ya Lubumbashi. Bruxelles nilienda kumuona yaya wangu (ndugu yangu mkubwa), ila yeye anaishi mbali na mji, huko bisi ya mwisho ikikupita ni shida, na nyumba yake imejaa watoto, basi nikamwambia yaya kula nitakula kwako, kulala nitalala mjini. Weee! "Weye unatoka Lubumbashi, unaacha kitanda ya yaya wako, unaenda kulipa watu? Mama atasema nini?" Mama alisema mengi, kwa WhatsApp, sauti za dakika tatu tatu. Lakini yaya mwenyewe alipokuja kunitembelea mara ya kwanza hakutaka kurudi.

Mambo ya visa napita mbio juu kila mtu iko na dossier yake. Visa Schengen ya muda mfupi kwa mtu mzima ni euro 90 tangu mwezi wa 6 mwaka 2024, asiransi lazima ifunike euro 30 000, na siku zenyewe hazizidi 90 ndani ya 180. Kile watu wa kwetu wanasahauka ni hesabu ya franga za kuonyesha: Ubelgiji wanataka euro 95 kwa siku kwa mtu anayelala hoteli, na 45 kwa mwenye kulala kwa ndugu. Kwa hiyo ile hamu ya kulala mjini inaanza kukugharimu mbele hata ya kupanda ndege. Mi niliingia na hesabu ya 95, nikapunguza siku. Kama ndugu yako atakufanyia prise en charge (karatasi ya kuahidi kukugharamia), anaipitisha kwenye komini yake kule, na mwambie aanze mapema, siyo wiki ile unataka kusafiri.

Chumba sasa. Nilikipata kwenye intaneti, cha mama mmoja Mkongo, nyuma kidogo ya Chaussée de Wavre. Kwenye picha ni kikubwa, ukifika unaelewa aliyepiga picha alisimama ndani ya kabati. Asansera hakuna, ngazi ni za mbao, nyembamba, zinazunguka, valizi ya kilo 23 inapanda kwa ubavu na weye unapanda nyuma yake ukiomba Mungu. Nyumba nyingi za zamani za Bruxelles ziko vile, basi kama uko na mama mzee ama magoti yanakusumbua, uliza kwanza ni etaji ya ngapi, usiangalie bei tu. Kingine chote kilikuwa safi: maji ya moto muda wote, courant haikatike (mtu wa L'shi anajikuta anachaji simu usiku na mchana bila sababu), na sheria moja tu iliyoandikwa kwa mkono juu ya mlango wa jikoni: makayabu (samaki ya chumvi) haipikwe kiisha saa tatu ya usiku. Nikauliza kwa nini, mama akasema jirani wa juu ni Mzungu, mtu mzuri, lakini harufu ya makayabu haijamuingia bado.

Kufika: toka Luano, aeropo yetu ya L'shi, nilipita Addis-Abeba, ukishuka Zaventem treni iko chini ya aeropo kabisa. Wengi wanawaambiaka shuka Gare du Midi. Kwa Matonge tafuta treni inayopita Bruxelles-Luxembourg, hazipiti zote kule, soma ubao, juu kutoka kituo kile ni kutembea kidogo tu mpaka Chaussée de Wavre. Tikiti ya treni ya aeropo iko na nyongeza, usifikiri wamekuibia. Na ujue kila fasi iko na majina mawili, ya kifaransa na ya kiflama: Ixelles ni Elsene, metro Porte de Namur ni Naamsepoort. Ni fasi ileile, usishuke kwa woga.

Matonge yenyewe ni ndogo! Lazima niseme ukweli huu juu watu wanaisikia tangu utoto wanafikiri ni mji. Ni kipande cha Chaussée de Wavre toka Porte de Namur, rue Longue Vie, rue de la Paix, na ile galeri inayotoboa toka Chaussée d'Ixelles mpaka Wavre, imejaa salo za nywele. Unaimaliza kwa miguu kabla soda yako haijaisha. Jina walilitoa Matonge ya Kinshasa, ya komini Kalamu, na mambo yalianza kwa wanafunzi Wakongo waliokuwa wanalala kwenye Maison africaine pale karibu, kiisha vilabu, kiisha maduka. Leo Wakongo wengi hawalali pale hata, loyer (kodi ya nyumba) imepanda, wanakujaka kununua, kusuka na kuonana, kiisha wanarudi kwao. Kwa hiyo saa njo kila kitu. Jumatatu asubuhi utakuta vyuma vimeshushwa na mtu mmoja anafagia, utasema ni hii tu? Rudi Jumamosi kuanzia saa tisa ya mchana, hautapata fasi ya kupitisha bega. Wasenegali, Wanyarwanda, Wapakistani wenye kuuza mihogo na simu kwenye duka moja, Wazungu wa biro za Ulaya wenye kutafuta bia, na wale badada wa salo wenye kukushika mkono barabarani, "shéri, nywele hizi tunaziacha hivi?" Mi nilikuwa nimetoka kusuka L'shi, bado iliniuma.

Duka moja ninalipendekeza hata kama sitaji jina, utaliona tu, jembamba, mlangoni karto ya safou, ndani chikwanga zimepangwa kama matofali, sombe ya barafu, mbinzo (viwavi) zilizokauka, mafuta ya mawese mu bidoni. Mama mwenyewe anapima ngai-ngai kwenye mizani ya sahani, akimaliza anaandika bei kwa biki juu ya sashe yenyewe, kiisha anajumlisha kichwani haraka kuliko mashine yake. Nikamuuliza kwa Kiswahili changu, "Mama, unga ya mahindi iko?" Akacheka, akaita ndani kwa Lingala kwamba kuna mutoto ya Katanga hapa. Akatoka dada mmoja wa Bukavu: "Karibu yaya, iko, ila ya njano njo imebakia." Nafikiri uso wangu ulisema vyote, juu alirudi nyuma akatafuta mpaka akaleta mfuko wa nyeupe uliofichwa chini ya semule. Tangu siku ile nilikuwa naye kama ndugu. Lakini mujue: Matonge ni ya Lingala na kifaransa. Kiswahili unakikamata kwa bahati, kwa watu wa Kivu na Warundi zaidi, na kwenye restora ukisema bukari, ule ugali wetu wa mahindi, wanakuletea fufu ya muhogo. Bei ni za Ulaya, samaki wa kuchoma anaweza kukufanya ubadilishe euro kuwa franga kichwani na kupoteza hamu. Usibadilishe.

Sasa kile sikukitarajia. Pale Porte de Namur, mlangoni mwa Matonge, kuna square Patrice Lumumba, ilifunguliwa tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 2018. Usitafute sanamu. Ni jina na kibao, watu wanakunja kona na sashe zao bila kuangalia. Na cha kuchekesha, ardhi yenyewe si ya komini ya Ixelles, ni ya Ville de Bruxelles, komini ya jirani, wanaharakati waliomba miaka na miaka mpaka upande ule njo wakakubali. Sisi watu wa Lubumbashi tunajua Shilatembo, njia ya Likasi, fasi Lumumba aliuawa, tunajua tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, tulisimama barabarani mwaka 2022 wakati lile jino lake lilipitishwa kwetu likienda kuzikwa Kinshasa. Kwa hiyo nilikaa pale zaidi kidogo kuliko nilivyopanga.

Kiisha tembea dakika chache tu mpaka Place du Trône. Kuna Leopold wa pili juu ya farasi, mkubwa, sanamu ya 1926. Wengi wanapiga picha wanapita. Tafuta maandishi: yanasema shaba na bati ya sanamu ile vilitoka Congo belge, na vilitolewa bure na Union minière du Haut-Katanga. Bure! Nilisoma nikamuita yaya asome naye, yeye ambaye anapita pale na bisi kila wiki. Baba yetu alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi iliyorithi Union minière, mpaka pensheni. Yaya akasema, "Kumbe tuko na kitu yetu hapa," tukacheka mpaka polisi mmoja akatuangalia. Kwa mi, mtu wa L'shi akienda Ixelles asirudi bila kusoma maneno yale, ni muhimu kuliko ile Atomium ambayo kila mtu anakutumiaka.

Ixelles nyingine ni kubwa na Matonge ni kona yake tu, na hapa njo kosa la watu, wanapanga siku zote pale wanachoka. Panda bisi 71, ama teremka kwa miguu Chaussée d'Ixelles mpaka Place Flagey. Kule kuna nyumba ya zamani ya radio iliyojengwa kwa umbo la meli, miaka ya 1930, soko wikendi asubuhi, na kibanda cha frites chenye mstari wa watu hata mvua ikinyesha. Mstari unatembea haraka, simama tu. Pembeni ni maziwa ya Ixelles na mabata, kaa pale na frites zako, hulipi kitu. Jumatano kuanzia saa nane mchana kuna soko ya Place du Châtelain, ya watu wenye mifuko mizito, mi nilinunua kipande kimoja cha jibini kwa heshima nikatoka. Kufika kule unakata avenue Louise, ambayo nayo ni ya Ville de Bruxelles, imepasua Ixelles vipande viwili, ndiyo maana karte ya komini ile inaonekana imechanika. Kama uko na watoto, musée ya sayansi ya asili, karibu na bunge la Ulaya, iko na mifupa ya iguanodon zilizotolewa kwenye mgodi wa makaa wa Bernissart mwaka 1878, watoto wa yaya walinyamaza kwa mara ya kwanza. Jumatatu inafungwa. Tervuren pia Jumatatu inafungwa, kule kwenye musée ya Afrika, unaenda na tram 44 toka Montgomery, na hiyo uipe siku yake nzima, usiichanganye na shopping. Kwenye kaburi za kanisa la pale wamezikwa Wakongo saba, kati ya 267 walioletwa kuonyeshwa mwaka 1897. Mi nilitoka kule sina hamu ya frites tena.

Makelele: Ijumaa na Jumamosi dirisha la barabarani ni muziki, magari, watu wanagombana kwa mapenzi mpaka usiku wa manane, kiisha wanapatana, kiisha wanagombana tena. Omba chumba cha nyuma. Simu uishike ndani, hasa kwenye metro na Chaussée de Wavre ikijaa. Na kwenye vilabu siasa ya Congo uiache mlangoni, kule kuna combattants (Wakongo wa Ulaya wapinzani wakali wa serikali ya Kinshasa), hautajua nani ni nani, kunywa bia yako zungumza mpira. Nilipojitambulisha kuwa wa Mazembe, timu ya mpira ya L'shi, walinipa kiti, Walupopo wa timu pinzani munisamehe.

Usinunue tikiti ovyo ya metro na bisi, gusisha karte ya benki kwenye mashine, na matumizi ya siku yakifika kiwango inaacha kukukata. Kila mtu na karte yake, moja haigusi kwa watu wawili.

Mwezi wa kwenda: mwezi wa 6 ama wa 7, jua linazama karibu saa nne usiku, siku moja inakuwa kama mbili. Desemba saa kumi na moja ya jioni ni giza, na ile koti yako ya baridi ya L'shi ya mwezi wa 6 haitakusaidia, nunua kule kule, mitumba ziko.

Jambo la mwisho, valizi. Siku ya kurudi ndege yangu ilikuwa usiku na chumba lazima ukiache saa tano asubuhi. Mama mwenye nyumba alikubali valizi ikae kwenye korido bila kulipa, lakini hiyo ilikuwa roho yake nzuri, haikuandikwa fasi yoyote, basi muulize mwenye nyumba wako kabla ya kulipa. Na umuulize pia kuhusu ile franga ya usafi, ni ngapi, na inahesabiwa kwa mtu ama kwa chumba.